Msala wa Bibi na Zulia la Ardabil

Tangu nirudi kutoka London, kila nikutanapo na shoga zangu huniuliza habari za baridi na bei za madukani. Baridi ilikuwako, na madukani kila kitu ni ghali. Hayo hayana haja ya wino. Lililonikaa moyoni ni jumba moja la makumbusho ambalo binti yangu alinipeleka mara tatu katika muda wa wiki mbili, na ndani yake nikaitoa siri niliyoificha kwa miaka mingi. Nimesitasita sana kabla ya kuandika, kwa kuwa siri yenyewe, ukiipima kwa mizani ya watu, ni ndogo. Ilikuwa habari ya msala.

Jumba hilo huitwa Victoria and Albert, kwa majina ya malkia wa Uingereza na mumewe, nalo liko mtaa wa South Kensington. Ukishuka kwenye treni ya chini ya ardhi huna haja ya kutoka nje ukanyeshewa: kuna njia ndefu iliyochimbwa chini ya barabara tangu mwaka 1885, ambayo hukupeleka mpaka kwenye majumba ya makumbusho ya mtaa ule. Kiingilio hakuna. Mkoba wako huangaliwa mlangoni, kisha hapana akuulizaye lolote. Binti yangu anasomea ubunifu wa vitambaa katika chuo kimoja cha mji ule, na huingia humo kama tuingiavyo sisi uani kwa jirani.

Mimi nilizoea kudhani kwamba makumbusho ni mahali pa mizinga na vigae vilivyochimbuliwa, kama tuonavyo Fort Jesus. Hili si la namna hiyo. Ni jumba la vitu vya kutumiwa: viti, vikombe, vitasa, makufuli, vyuma vya madirisha, vito, mazulia, mavazi ya harusi, sahani za kulia na mabirika ya kunawia mikono. Vyote kwa jumla vyapita milioni mbili. Takriban kila kimoja kilitengenezwa na mtu ili mtu mwingine akitumie, na wengi wa hao waliotengeneza hawakuandika majina yao.

Historia yake ilinivutia kwa kuwa haikuanza na majivuno, ilianza na aibu. Mwaka 1851 Waingereza walijenga jumba kubwa la vioo na chuma katika bustani ya Hyde Park, wakayaalika mataifa yalete kazi zao zionyeshwe. Watu wapatao milioni sita walikwenda kutazama. Uingereza wakati ule ilikuwa na mashine kupita nchi yoyote, lakini wenye macho waliona wazi kwamba vitambaa vya Bara Hindi, kwa mpango wa rangi na kwa nakshi, viliviacha nyuma vitambaa vingi vya viwanda vyao wenyewe. Serikali ikatoa fedha vinunuliwe vitu bora kutoka katika maonyesho yale, na mwaka uliofuata, 1852, likafunguliwa jumba la kuwafundishia mafundi, wenye viwanda na hata wanunuzi. Mwaka 1857 likahamia South Kensington, na jina lililo nalo sasa likapewa mwaka 1899, malkia alipoweka jiwe la msingi la jengo jipya.

Mkurugenzi wake wa kwanza, Henry Cole, alikuwa mtu asiyeficha alionalo. Katika siku za mwanzo alitenga chumba kizima akakijaza vitu vibaya kwa makusudi: mazulia na karatasi za kutani zenye maua yaliyochorwa kana kwamba ni maua hasa, mpaka mtu aone kama anakanyaga bustani. Watu wakakiita chumba cha vitisho. Wenye viwanda waliona wamevunjiwa heshima, wakalalamika, na chumba hakikudumu. Binti yangu aliponisimulia hayo nilicheka hata machozi yakanitoka, maana nilikumbuka sebule yangu na maua yake ya plastiki, mapazia yenye waridi ukubwa wa sinia, na busati lenye picha ya maporomoko ya maji. Bwana Cole angeliniweka chumbani humo mimi na nusu ya mtaa wetu.

Lakini huyo huyo ndiye aliyetia taa za gesi jumbani ili wafanyakazi wapate kuingia jioni baada ya kazi zao, na jumba hilo likawa la kwanza kuwa na mahali pa kula kwa ajili ya wageni. Aliona kwamba mtu aliyeshinda kiwandani mchana kutwa hawezi kutazama vizuri akiwa na njaa. Mpaka leo siku ya Ijumaa jumba halifungwi mpaka saa nne za usiku. Tulikwenda Ijumaa, na nikawaona wanafunzi wamekaa juu ya vijiti vya kukunja, kila mmoja mbele ya kitu chake, wanachora. Wengine hawakuwa wanafunzi. Palikuwa na mzee mmoja mwenye mikono ya kinyozi au ya seremala, ameshika penseli kwa uangalifu mkubwa, anachora bawaba ya mlango. Nilisimama nyuma yake kitambo. Aligeuka akatabasamu, akaendelea na bawaba yake.

Ukumbi wa kazi za nchi za Kiislamu ulifunguliwa upya mwaka 2006, na binti alinipeleka huko kwanza akijua ndiko nitakakopapenda. Jambo la kwanza lililonisimamisha ni mimbari ya mbao iliyoletwa kutoka Kairo, ya zama za Sultani Qaitbay, mwishoni mwa karne ya 15. Mbao zake zimekatwa vipande vidogo vidogo vyenye pembe nyingi, vikapangwa vikawa nyota, na ndani ya nyota pametiwa pembe za ndovu zilizochongwa. Ngazi zake zipo, mlango wake upo. Hapana apandaye. Nilisimama mbele yake huku mkono wangu umeshika ncha ya buibui, kama mtoto aliyeingia nyumba ya watu, nikawa nasikia jinsi kulivyo kimya. Mimbari haikuchongwa isikilize hatua za watalii. Hata hivyo lazima niseme kwamba imetunzwa vizuri, haina vumbi, na kila aliyepita alisimama. Katika misikiti yetu ya zamani kuna milango na mihirabu iliyopakwa rangi ya mafuta juu ya nakshi mpaka nakshi zikafukiwa, na waliopaka ni sisi.

Kisha katikati ya ukumbi, chini sakafuni, ndani ya nyumba ya kioo, nikaliona zulia la Ardabil.

Urefu wake ni mita 10 na nusu, na upana wake ni mita 5 na zaidi kidogo. Lilitandikwa zamani huko Uajemi, katika mji wa Ardabil, mahali alipozikwa Sheikh Safi al-Din. Mitande na mishindio yake ni hariri, na manyoya yake ni sufu ya rangi kumi. Katikati pana nakshi ya duara kama jua, imezungukwa na nakshi kumi na sita zenye umbo la yai lililochongoka, na kutoka huko zimening'inia taa mbili za msikiti, moja huku na moja kule, nazo hazilingani ukubwa. Wako wanaosema mchoraji alifanya hivyo ili aliyekaa upande mmoja azione zimekuwa sawa, na wako wanaokataa. Mafundo yake, ukiyahesabu kwa kipimo cha dhiraa moja kisha ukazidisha, yapita milioni 25. Fundo moja ni uzi mmoja uliozungushwa kwa vidole, ukakazwa, ukakatwa. Nilijaribu kuiwaza idadi hiyo nikashindwa.

Ukingoni mwa upande mmoja limeandikwa jina. Aliyejitaja ni Maqsud wa Kashan, akajiita mtumishi wa mahali pale, na akaandika mwaka 946 wa Hijria, ambao ni 1539 au 1540 kwa hesabu ya miladi. Kwa hiyo ni miongoni mwa mazulia ya zamani kabisa duniani yaliyoandikwa tarehe. Wenye ilimu wanaona kwamba Maqsud alikuwa msimamizi au mchoraji wa kazi, kwa kuwa zulia kubwa kama lile hata watu kumi waliweza kuketi bega kwa bega wakilifuma kwa wakati mmoja. Majina ya hao kumi hayapo. Niliambiwa pia kwamba kazi nyingi za mazulia katika nchi zile zilifanywa na wanawake majumbani mwao, ila kazi ya ikulu namna ile huenda ilifanywa na wanaume. Sikushangaa. Kazi ikiwa ya kila siku ni ya mama. Ikiingia sifa na malipo, huitwa fundi.

Taa za zulia lile haziwaki muda wote, kwa kuwa mwanga hufifiza rangi. Huwashwa kwa dakika kumi tu kila baada ya nusu saa, na baada ya hapo ukumbi ule huwa kama alfajiri. Tulifika taa zikiwa bado. Binti akanitafutia kijiti cha kukunja nikakaa, naye akakaa chini, tukangoja. Ndipo akanifungulia daftari lake la kuchorea.

Msomaji, hapa ndipo nilipofikwa. Katika kurasa nne alikuwa amechora msala.

Niliujua kabla ya kuvaa miwani. Ulikuwa msala wa bibi yangu mzaa mama, ambaye binti yangu alimwita Bibi Mkubwa. Bibi alizaliwa kisiwani Pate akaletwa Mombasa akiwa mwari, na maisha yake yote mikono yake haikukaa bure. Alichana miyaa kwa ukucha wa kidole gumba, akaichemsha na rangi katika sufuria kuukuu lisilopikiwa kitu kingine, akaianika, akasuka ukili huku anazungumza, anakaripia watoto, anahesabu fedha za samaki. Ukili ukifika pima za kutosha huukunja duara kama nyoka aliyelala, akautia chini ya kitanda mpaka siku ya kushona. Alishona majamvi, mikeka ya kulalia, na misala yenye umbo la yai, ya mtu mmoja mmoja. Ule wa kwake mwenyewe ulikuwa mdogo, mweupe uliogeuka rangi ya asali, na ukingoni una nakshi. Binti yangu alikuwa na miaka sita Bibi alipofariki, na kwa miaka hiyo sita alizoea kukaa juu ya ncha ya msala ule akingoja Bibi atoe salamu ili apewe tende.

Mwaka juzi mwalimu wake wa chuo alitaka kila mwanafunzi alete kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mikono ya watu wa nyumba yake. Wenzake walileta mablanketi yaliyounganishwa vipande vipande, fulana za sufu, kijiko cha mti. Binti alinipigia simu. "Mama, nitumie msala wa Bibi Mkubwa, kuna mtu anasafiri wiki ijayo." Nami nikamjibu kwamba msala ulipotea tulipokuwa tukitengeneza nyumba. Nilisema hivyo bila kusita, kisha nikauliza kama anakula vizuri. Alikwenda darasani mikono mitupu, akasimulia kwa mdomo, na kisha akaanza kuuchora kwa kumbukumbu. Kurasa nne, na kila mmoja tofauti na mwingine, kwa kuwa mtoto wa miaka sita hukumbuka harufu zaidi ya akumbukavyo mpango wa nakshi.

Taa zikawaka. Zulia likatoka gizani na rangi zake zote, na watu waliokuwa wametawanyika ukumbini wakasogea. Binti akaniambia, "Tazama, Mama." Mimi sikuwa nikilitazama. Nilikuwa natazama daftari, na kabla sijajizuia nikanyosha kidole. "Ukingo haukuwa hivi. Ukili mweusi ulikuwa mmoja tu, tena wa nje. Mwekundu ulikuwa ndani, na kati yao pana mweupe wenye meno." Akanipa penseli. Nikachora. Mimi ambaye sijachora kitu tangu shule nilichora ukingo ule wote, meno na vipindi vyake, na pale Bibi alipoishiwa na miyaa myekundu akatia ya zambarau akitumai hapana atakayeona.

Binti akanitazama usoni kwa muda. "Mama, mbona unaukumbuka hivyo? Uko wapi?"

Dakika kumi zikaisha, taa zikazimika. Nashukuru zilizimika.

Nikamwambia. Baada ya arubaini ya Bibi tulitengeneza nyumba, tukatia vigae, tukanunua busati la kitambaa cha mahameli na mikeka ya plastiki yenye rangi kali, iliyokuwa inatoka ng'ambo na kuuzwa rahisi. Mikeka ya miyaa ikaonekana ni ya kimaskini. Mingine niliigawa. Msala ule, ambao hata kugawa niliona haya kwa jinsi ulivyochakaa, niliutandika uani chini ya gunia la mkaa ili unyevu usipande. Ulikaa hapo. Masika yakaja, na nilipoinua gunia msala ukabaki vipande vipande mkononi, umekuwa mweusi. Niliufagia na taka. Sikumwambia mtu, wala mama yangu, ambaye alikuwa bado anamlilia mama yake.

Nilitaraji binti atakasirika, na nadhani ningelipumua kama angekasirika. Alinyamaza, kisha akauliza, "Masika ngapi?"

"Masika moja," nikamwambia, na swali lile likaniudhi kidogo.

"Na ile mikeka ya plastiki?"

Ile mikeka ya plastiki imechanika tangu miaka mingi na ingali uani hadi leo. Mmoja umefunikia kuni, mwingine umeziba tundu la banda la kuku. Nikamwambia hivyo. Akachukua penseli yake na chini ya mchoro wangu akaandika: masika moja. Sikuelewa alitaka kuutumia wapi msemo ule, na sijaelewa barabara mpaka sasa, ila aliuandika kama mtu aandikavyo kitu cha thamani.

Tulingoja taa ziwake mara nyingine, na mara hii nililitazama zulia. Binti akanionyesha kwamba hilo ninalolidhani ni moja lilikuwa mawili. Ardabil kulikuwa na mazulia mawili yaliyofanana, yote yamechakaa. Yalipouzwa na kufika mikononi mwa wafanyabiashara mwishoni mwa karne ya 19, vipande vya moja vilikatwa vikatumiwa kuliziba la pili, ili lipatikane moja zima la kuuza kwa bei kubwa. Jumba likalinunua mwaka 1893 kwa pauni 2,000, baada ya William Morris, mbunifu maarufu wa nakshi za vitambaa, kulikagua na kuwasihi walinunue. Lile lililokatwa, lisilo na ukingo, liko Los Angeles. Sisi kina mama tunaijua kazi hiyo. Ni nani kati yetu hajakata shuka mbili kuukuu akapata moja? Lakini sisi hutumia ile moja kulalia watoto.

Najua wako watakaouliza kwa nini vitu kama hivyo viko London na si kwao. Nililiuliza swali hilo humo humo ndani. Mimbari ilifaa iwe na khatibu, na zulia lilifaa liwe na miguu mitupu juu yake. Ila ulimi wangu ulikuwa mzito. Niliyeozesha msala nilioachiwa mkononi, katika nyumba ya mwenyewe aliyeushona, sina uso wa kuwahukumu walioutunza wa wengine.

Mara ya tatu hatukwenda South Kensington. Jumba hilo lina ghala upande wa mashariki ya mji, karibu na Stratford, lililofunguliwa kwa watu wote mwaka 2025. Humo vitu vimepangwa juu ya rafu hadi darini kama bidhaa za bohari, na mtu yeyote, awe mtaalamu au asiwe, aweza kuagiza kabla, kwa bure, aletewe kitu akitakacho akitazame kwa karibu. Binti aliwahi kuagiza kitambaa akakaa nacho mezani. Tulipokuwa tukitembea kati ya rafu aliniuliza, kwa mzaha, mimi ningeagiza nini. Jibu tulilijua sote wawili, akanishika mkono tukaendelea na safari yetu.

Usiku kabla ya kuondoka nilimwomba radhi, si kwa msala, kwa uongo. Akasema amenisamehe tangu siku ile ya zulia. Kisha akaongeza, "Lakini Bibi hujamwambia."

Basi nilipofika Mombasa, siku ya pili nikaenda Kibokoni kwa mama. Nikamshika mkono nikaubusu, nikampa zawadi zake, nikakaa chini miguuni pake. Mama ana miaka themanini kasoro, na vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, hasa asubuhi. Nikamweleza yote kwa mpangilio: daftari, taa, gunia la mkaa. Alinisikiliza huku anachambua mchele juu ya ungo, na mkono wake haukusimama.

"Nilikuwa najua," akasema.

Alikuwa ameuona. Alikuja nyumbani kwangu siku moja nikiwa nimekwenda sokoni, akapita uani kutia udhu, akauona ncha yake imetokeza chini ya gunia. Nikamuuliza kwa nini hakunena, kwa nini hakuutoa, hata kunikemea hakunikemea. Mama akaweka ungo chini.

"Kwani mamangu aliushona ukae? Msala ni wa kuchakaa. Yeye mwenyewe alioza mingapi? Mmoja ukioza alishona mwingine. Mimi nilingoja uje uniambie, Mama, msala umeoza, nifundishe kushona mwingine. Nikangoja. Wewe ukanunua plastiki, nami nikasema, basi, wakati umegeuka." Halafu akacheka kidogo, kicheko kisicho na uchungu, akauchukua tena ungo wake. "Sasa mpaka Mzungu akwambie."

Sikumjibu kwamba hapana Mzungu aliyeniambia. Aliyeniambia ni mjukuu wake. Lakini maneno yake nilirudi nayo nyumbani nikayalalia. Nilifikiri juu ya yule mzee na bawaba yake. Jumba lile halikujengwa ili watu waje kuona jinsi walivyokuwa hodari waliokufa. Lilijengwa, angalau hapo mwanzo, ili mtu atazame, achore, arudi kazini kwake afanye vizuri zaidi. Kule kwetu kitu hakikuhitaji kioo kwa sababu mwenye kukijua alikuwa amekaa pale pale barazani, na mtoto akiuliza huoneshwa. Kioo hakikukosekana kwetu. Aliyekosekana ni muulizaji.

Jumatano iliyofuata nilikwenda Kongowea kutafuta miyaa. Wauza mifuko na ndoo wananielekeza huku na huku, mpaka nikampata mama mmoja wa Kigiriama mwenye mafungu mawili chini ya meza yake ya mboga. Aliponiuliza nataka ya nini nikamwambia ya kujifunzia, akanitazama umri wangu kwa adabu, akanipunguzia bei.

Mama hawezi tena kusuka kwa muda mrefu. Husuka shibri moja, vidole vikamuuma, akaniachia. Lakini macho yake hayajapinda. Mwanzoni nilikuwa naikaza miyaa upande mmoja kuliko wa pili, na ukili ukawa unajipinda kama mkia wa ngisi. Nilikuwa naisuka mikavu, na yeye akawa ananirudisha niinyunyizie maji. Niliambiwa nisihesabu kwa sauti, kisha nikaambiwa nihesabu kwa sauti. Nilipata malengelenge kwenye kidole gumba, mahali pale pale alipokuwa na sugu bibi yangu, na kwa mara ya kwanza nikajua sugu ile ilitoka wapi.

Binti hupiga simu ya picha kila Jumapili. Mama humtaka ashike daftari karibu na simu, akamsahihisha ukingo mpaka wakauelewana wote wawili: mweusi wa nje, meno, mwekundu wa ndani. Ile miyaa ya zambarau walizozana nayo. Binti anataka iwekwe mahali pale pale Bibi alipoiweka. Mama anasema lile lilikuwa kosa, na kosa halishonwi mara ya pili kwa makusudi. Mzozo huo haujaisha, nami sijaingilia, kwa kuwa sijafika ukingoni na huenda nisifike mwaka huu. Jamaa mmoja anasafiri kwenda London baada ya Idi, na nimeahidi kumpa ukili apeleke, hata kama msala wenyewe haujashonwa, binti aushike kwa vidole vyake.

Mpaka hivi niandikapo nimekwisha suka pima nne. Mama amezipitisha mkononi mwake, akazikagua kwenye mwanga wa dirisha, akafumua mbili.